Gwata ni ya Nani?

Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya 1967. Tangu hapo jibu liko vinywani mwa wazee. Wao huanza na Wazaramo na Wakwere. Wanyamwezi walipita njia hizi na misafara ya pembe, wengine wakaletwa na kazi ya reli ya Wajerumani, iliyofika Morogoro 1907. Hadi leo ndio watani wetu, na msibani hawatuachi tulie kwa amani! Wafugaji walikuja baadaye na ng'ombe wao, na hapo utani haukutosha: mkulima akiona shamba limeliwa, husema "wageni hawa". Lakini watoto wao waliozaliwa hapa wanakaa dawati moja na wetu. Katika daftari la michango ya mwaka huu hatukuweka safu ya kabila.