Feni Inayongoja Kuitwa: Kutoka Mkanda Hadi Waya

Leo kompyuta inapumzika. Nataka tuzungumze kuhusu feni ya gari, na najua mtaniuliza inahusiana vipi na mambo yetu ya programu. Inahusiana sana, ila mimi nilijifunza hivyo kwa gharama ya gasketi ya hedi.

Babu alituachia pikapu ya Peugeot 404. Kwa miaka mingi ilibeba vitunguu na nyanya kutoka Naivasha hadi Nairobi, ikipandia ile barabara ya chini ya Mai Mahiu. Hadi leo inatembea. Lakini ukikanyaga mafuta, mbele kunavuma kama ndege inayotaka kuruka. Hiyo ni feni. Niliamua kuing'oa na kuweka ya umeme kama zilivyo kwenye magari ya siku hizi. Kabla ya kushika spana nilisoma historia yake kwanza, maana kwenye kazi yetu hufuti mistari ya mwenzako kabla hujajua kwa nini aliiandika.

Maji yaliyokuwa yakichemka

Gari la Karl Benz la 1886 halikuwa na feni. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, yakapotea hewani kama mvuke, na dereva akawa anaongeza mengine njiani. Kwa injini ndogo ile ilitosha. Injini zilipoongezeka nguvu, maji ya kuongeza yakawa mzigo.

Aliyebadilisha mambo ni Wilhelm Maybach, kwenye Mercedes ya nguvu-farasi 35 iliyoundwa 1900 na kuanza kutamba 1901. Rejeta yake ilifanana na sega la nyuki: vijibomba 8,070 vya pembe nne, kila kimoja milimita 6 kwa 6. Hewa ilipita ndani ya vijibomba, maji yakapita katikati yao. Nyuma yake Maybach akaweka feni ndogo, ili hewa isikosekane gari linapokwenda polepole. Mpangilio huo, rejeta mbele na feni nyuma yake, ndio ulio kwenye pikapu ya babu.

Feni za miaka hiyo, hata ile ya Ford Model T ya 1908, zilizungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Injini ikizunguka, feni inazunguka. Hakuna sharti, hakuna swali. Mtu wa programu angesema ni kitanzi kisicho na "kama" hata moja ndani yake.

Hesabu inayouma

Sasa angalia tatizo. Upepo wa feni huongezeka sawa na mwendo wake: ukizungusha mara mbili, unapata upepo mara mbili. Lakini nguvu inayoliwa haiongezeki hivyo. Inaongezeka kwa kipeo cha tatu. Mwendo mara mbili, nguvu mara 8. Injini ikitoka mizunguko 1,000 kwa dakika hadi 4,000, feni iliyofungwa moja kwa moja inakula nguvu mara 64!

Na mbaya zaidi, inakula wakati haihitajiki. Ukiwa unakimbia barabara kuu, upepo wa safari peke yake unatosha kupoza rejeta. Ukiwa umekwama nyuma ya lori pale Mai Mahiu, gia ya kwanza, jua mgongoni, hapo ndipo feni inahitajika, na hapo ndipo injini inazunguka polepole na feni inapepea kama mzee aliyesinzia. Yaani mkanda unaipa feni nguvu kinyume kabisa na mahitaji.

Kumbe Wafaransa walishafika

Hapa ndipo nilipopata mshangao wangu. Nilidhani nakwenda kuleta mambo mapya kwenye gari la zamani. Kumbe 404, iliyotoka 1960 ikiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina na injini iliyolazwa upande kwa nyuzi 45, ilikuwa tayari na jibu.

Feni yake haikufungwa moja kwa moja kwenye puli. Ndani ya puli kuna koili ya sumaku-umeme. Puli inazunguka muda wote kwa mkanda, lakini feni inakaa huru kwenye beringi yake. Kwenye rejeta kuna swichi inayohisi joto. Maji yakipata moto, swichi inafunga sakiti, umeme unapita kwenye kaboni ndogo hadi kwenye koili, sumaku inavuta bamba la feni, na feni inaanza kuzunguka na puli. Maji yakipoa, sumaku inaachia. Mwaka 1960! "Kama joto limezidi, zungusha." Hilo ndilo sharti lililokosekana tangu siku za Maybach.

Na gari lenyewe halikuwa la maonyesho. 404 ilishinda Safari Rally mara nne: 1963 na 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki, 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyomaliza.

Basi mbona ya babu ilikuwa ikivuma muda wote? Nilimpelekea fundi mmoja wa jua kali ambaye amezeeka na magari haya. Akaangaza tochi, akacheka. "Kijana, hii imekazwa." Kwenye kitovu cha feni kuna skrubu tatu za kurekebisha mwanya kati ya bamba na sumaku. Mtu fulani, zamani, alizikaza hadi mwisho, na tangu siku hiyo feni na puli vikawa kitu kimoja. Sumaku ilikuwa pambo tu. Mimi nikamwona mtu huyo mshamba: amepewa teknolojia safi, akairudisha 1908.

Umeme unachukua nafasi

Wakati huo huo dunia ilikuwa inaelekea kwenye hatua nyingine: kuipa feni mota yake na kuachana na mkanda. Jaguar E-Type ya 1961 ilikuwa na feni ya umeme. Lakini kilichoeneza mtindo huu kwa magari ya watu wa kawaida ni jinsi injini ilivyokaa.

Mini ya 1959 iliwekewa injini kwa kukingama, ubavu kwa ubavu. Injini ikikaa hivyo, mwisho wake wenye puli unatazama gurudumu, hautazami mbele. Alec Issigonis akalazimika kuihamishia rejeta pembeni, karibu na gurudumu, ili mkanda uifikie feni. Dante Giacosa wa Fiat alikwenda njia nyingine kwenye Fiat 128 ya 1969: aliiacha rejeta mbele inakopata upepo, na feni akaipa mota ya umeme inayowashwa na joto. Volkswagen Golf ya 1974 ikafuata mpangilio kama huo. Mkanda ulishindwa kwa sababu haukuweza kukata kona. Ile akiba ya mafuta, baada ya bei kupanda 1973, ikawa sababu ya kutorudi nyuma.

Jumamosi yangu ya kwanza

Kazi yenyewe si ngumu. Mkanda hauondoki, kwa sababu ndio unaozungusha pampu ya maji na altaneta. Kinachotoka ni feni tu. Nilinunua feni ya umeme ya gari dogo kutoka kwa wauza spea za mitumba pale Kirinyaga Road, nikaifunga nyuma ya rejeta kwa vyuma vyake. Usiifunge kwa zile kamba za plastiki zinazopenya kwenye rejeta, zitakula vijibomba kwa mtikisiko. Nikahakikisha inavuta hewa kuelekea injini. Ukigeuza waya mbili za mota, inasukuma mbele na kupigana na upepo wa safari.

Feni kama hii inakula zaidi ya ampia 10, na wakati wa kuanza inakula zaidi. Swichi ndogo ya joto haiwezi kubeba mzigo huo, kwa hiyo unaweka relei. Swichi inaamsha relei, relei inabeba mzigo, na fyuzi inakaa karibu na betri. Swichi yangu inawaka nyuzi 92 na kuzima 87. Tofauti ile ya nyuzi 5 ni muhimu, la sivyo feni ingewaka na kuzima kila sekunde chache.

Ilifanya kazi vizuri. Gari likawa kimya. Nikajipongeza.

Mai Mahiu

Wiki mbili baadaye nilikuwa napanda kutoka Naivasha na magunia ya vitunguu ya mjomba, nyuma ya msururu wa malori. Sikusikia feni, nikasema ni kimya chake kipya. Nilipotazama geji, sindano ilikuwa imeshavuka. Nikasimama pembeni, mvuke ukanizunguka.

Waya mmoja mwembamba wa swichi ya joto ulikuwa umechomoka kwa mtikisiko. Waya tu. Na huko juu, kwenye zaidi ya mita 2,000, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi kama 93. Mfuniko wangu wa rejeta ulikuwa na mpira uliokufa, kwa hiyo shinikizo halikuwapo. Hedi ya 404 ni ya alumini na haina subira. Gasketi ilikwenda.

Yule fundi alipofungua hedi hakunicheka safari hii. Aliniuliza tu, "Sasa umejua kwa nini zile skrubu zilikazwa?"

Nilijua. Aliyezikaza hakuwa mshamba. Kaboni ilikuwa imekwisha au waya umekatika, mzigo uko nyuma, kipande hakipatikani. Akachagua feni inayokula mafuta muda wote badala ya feni ambayo siku moja haitaitika. Mfumo wa Peugeot ulikuwa mzuri, lakini ukikosa habari, unanyamaza. Skrubu tatu ziligeuza hilo.

Na sasa sikiliza: kompyuta zilipokabidhiwa feni, kuanzia miaka ya 1980, wahandisi waliandika kanuni ile ile ya mkaza skrubu. Kompyuta nyingi za magari zikipoteza habari ya kihisio cha joto huwasha feni na kuiacha ikizunguka. Hujui? Basi chukulia kuna moto.

Nimerudia kufunga waya zangu hivyo. Nilitafuta swichi inayofungua sakiti joto likipanda, na relei ya miguu mitano. Gari likiwa baridi, swichi inaiweka relei macho, na relei macho inazuia feni. Joto likipanda, au waya ukikatika, relei inalala na feni inawaka kupitia mguu wa 87a. Umeme wa feni unapitia relei ya pili inayoamshwa na ufunguo, ili usiku isimalize betri. Na kwenye dashibodi kuna taa ndogo inayowaka feni ikizunguka, kwa sababu fyuzi nayo huungua. Mfuniko wa rejeta ni mpya.

Jumamosi iliyopita tulipanda tena na mjomba. Katikati ya mlima taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Mjomba akaniuliza kama kuna hitilafu. Nikamwambia, "Hapana mjomba. Inazungumza."

Wiki ijayo tunarudi kwenye kompyuta. Mpaka hapo, nenda kakague mfuniko wa rejeta yako, injini ikiwa baridi.