Kutoka Kiti cha Hukumu hadi Wizara Mbili: Juan Alberto Belloch na Hispania ya Miaka ya 1990

Katika historia ya Hispania baada ya kifo cha Jenerali Francisco Franco mwaka 1975, miaka mitatu kati ya 1993 na 1996 inastahili kutazamwa kwa makini na kila anayetaka kuelewa uhusiano wa mahakama na serikali. Waziri Mkuu Felipe González, aliyekuwa madarakani tangu 1982, aliiona serikali yake ikichafuka kwa kashfa moja baada ya nyingine, naye akawageukia majaji ili heshima yao iwe dhamana ya serikali mbele ya wananchi. Aliyepewa uzito mkubwa kati yao ni Juan Alberto Belloch, mzaliwa wa mwaka 1950 wa Mora de Rubielos, mji mdogo wa mkoa wa Teruel, ambaye aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria mwezi Julai 1993 na ambaye, mwezi Mei 1994, alikabidhiwa Wizara ya Mambo ya Ndani bila kuivua ile ya kwanza.

Ujaji wa Hispania hutofautiana na ule unaojulikana katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kama Kenya na Tanzania. Wengi wa majaji wa Hispania hawatokani na mawakili wakongwe, bali ni wahitimu wa sheria wanaoingia kazini wakiwa bado vijana kwa mtihani mgumu wa ushindani, kisha hupanda ngazi kutoka mahakama za miji midogo hadi zile za mikoa. Zaidi ya hayo, mfumo huo una jaji mpelelezi, yaani jaji ambaye hasubiri kesi iletwe mbele yake ikiwa imekamilika, bali huongoza upelelezi mwenyewe, huamuru watu wakamatwe, na hukusanya ushahidi kabla ya majaji wengine kuisikiliza kesi. Mamlaka hayo ni makubwa, na bila kuyazingatia haiwezekani kuelewa yaliyoikumba wizara ya Belloch.

Yeye mwenyewe alisomea sheria Barcelona, na katika muongo wa 1980 aliongoza Mahakama ya Mkoa ya Bizkaia, mjini Bilbao, wakati ambapo ETA, kundi lililopigania kwa silaha uhuru wa Wabasque, lilikuwa likiua askari, maofisa na raia. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha majaji wa mrengo wa maendeleo kinachoitwa Majaji kwa ajili ya Demokrasia, kilichoshikilia kwamba vita dhidi ya ugaidi haviwezi kuihalalishia dola kuvunja sheria zake yenyewe. Mwaka 1990 aliingia katika Baraza Kuu la Mahakama, chombo kinachosimamia uteuzi, upandishaji vyeo na nidhamu ya majaji, na ni kutoka huko alikoitwa serikalini.

Wizara ya pili ilimfikia kwa njia ya kashfa. Luis Roldán, raia wa kwanza kukiongoza kikosi cha Guardia Civil, ambacho ni polisi wenye nidhamu ya kijeshi wanaolinda vijiji, barabara kuu na mipaka, alishukiwa kujilimbikizia mali kwa fedha za umma, na mwezi Aprili 1994 alitoroka nchini. Waziri wa Mambo ya Ndani, Antoni Asunción, alijiuzulu kwa sababu hiyo, na González akaziunganisha wizara mbili chini ya Belloch, ambaye magazeti yaliharakisha kumwita waziri wa mara mbili. Belloch alimweka jaji mwingine, Margarita Robles, kuwa msaidizi wake mkuu katika masuala ya usalama. Roldán alipatikana Februari 1995 huko Bangkok, lakini nyaraka zilizodaiwa kuwa za serikali ya Laos, ambazo ziliweka masharti ya kurudishwa kwake, ziligunduliwa kuwa za kughushi. Furaha ya serikali iligeuka aibu ndani ya siku chache, na waziri aliyeletwa kwa sababu ya uaminifu wake akalazimika kueleza jinsi karatasi za uongo zilivyopita mikononi mwa watu wake.

Jambo zito zaidi lilikuwa GAL, jina la vikundi vya siri vilivyoua watu 27 kati ya 1983 na 1987, wengi wao kusini mwa Ufaransa, kwa lengo la kuwapiga wafuasi wa ETA huko walikojificha. Baadhi ya waliouawa hawakuwa na uhusiano wowote na kundi hilo. Baltasar Garzón, jaji mpelelezi wa Mahakama ya Kitaifa ya Madrid inayoshughulikia ugaidi na uhalifu mkubwa, naye alikuwa amevutwa katika siasa na González mwaka 1993, akachaguliwa mbunge na kupewa mpango wa taifa wa kupambana na dawa za kulevya. Alijiuzulu Mei 1994, akarejea moja kwa moja kwenye kiti chake cha ujaji, na mwezi Desemba mwaka huohuo akawakamata waliokuwa maofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani kwa tuhuma za kumteka Segundo Marey, mfanyabiashara aliyechukuliwa mwaka 1983 kwa kudhaniwa kuwa mtu mwingine. Hivyo jaji mmoja akawa anaichunguza wizara iliyokuwa mikononi mwa jaji mwenzake, na waziri huyo, ambaye matendo yale yalifanyika miaka kumi kabla ya kuteuliwa kwake, akajikuta kati ya wajibu wa kuisaidia mahakama na shinikizo la chama tawala kilichomwona kila anayefungua faili la GAL kuwa adui.

Belloch hakusimama imara kila mara. Mwezi Machi 1995 mifupa iliyokuwa imefukuliwa Busot, katika mkoa wa Alicante, mwaka 1985 ilitambuliwa kuwa ya José Antonio Lasa na José Ignacio Zabala, vijana wawili waliotekwa Bayonne mwaka 1983, na tuhuma zikaelekea kambi ya Guardia Civil ya Intxaurrondo, San Sebastián. Hata hivyo, mwaka huohuo serikali ilimpandisha Enrique Rodríguez Galindo, kamanda wa kambi hiyo, hadi cheo cha jenerali. Mwaka 2000 Galindo alihukumiwa kifungo cha miaka 71 kwa utekaji na mauaji hayo. Kupandishwa cheo kwake ndilo doa kubwa kuliko yote katika uwaziri wa Belloch, kwa kuwa mtu aliyezoea kupima ushahidi alipaswa kujua kwamba tuhuma za aina ile hazijibiwi kwa nishani wala cheo. Kosa la karatasi za Laos lilikuwa la kudanganywa, lakini hili lilikuwa la uamuzi.

Ni katika Wizara ya Sheria ndiko kazi yake iliacha matunda yanayodumu. Sheria ya Mei 1995 ilirudisha baraza la wananchi katika kesi za jinai, taasisi iliyokuwa imekufa tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1936, ingawa Katiba ya 1978 ilikuwa tayari imewaahidi raia ushiriki huo. Watu 9 wa kawaida, wakiongozwa na jaji mmoja, huamua iwapo mshtakiwa ana hatia, na uamuzi wao una nguvu ya kisheria, tofauti na maoni ya wazee wa baraza katika mahakama za Tanzania, ambayo hayamfungi jaji. Kisha, mwezi Novemba, bunge lilipitisha Kanuni mpya ya Adhabu kuchukua nafasi ya ile iliyorithiwa kutoka utawala wa Franco, huku chama kikuu cha upinzani kikijizuia kupiga kura. Serikali zilizotangulia zilikuwa zimejaribu kuiandika upya tangu mwanzo wa demokrasia bila kufika mwisho, na kuimaliza katikati ya dhoruba ya GAL na Roldán kulihitaji uvumilivu ambao wanasiasa wengi wa wakati ule hawakuwa nao. Ilianza kutumika tarehe 24 Mei 1996, wakati González alikuwa amekwisha kushindwa uchaguzi na José María Aznar ameshika serikali.

Aznar alizitenganisha tena wizara hizo mbili, akiwa sahihi, kwa sababu mkono unaoamuru polisi haupaswi kuwa mkono uleule unaosimamia uendeshaji wa mahakama, hata ukiwa wa mtu mwadilifu. Wizara ya Sheria aliikabidhi kwa jaji mwingine, Margarita Mariscal de Gante. Belloch alibaki katika siasa, akawa meya wa Zaragoza kuanzia 2003 hadi 2015, na mji huo uliandaa maonesho ya kimataifa ya mwaka 2008 kuhusu maji na maendeleo endelevu. Robles alirudi mahakamani, akafika Mahakama ya Juu ya nchi mwaka 2004, kisha akawa Waziri wa Ulinzi mwaka 2018.

Swali lililoachwa na safari hizi za kwenda na kurudi ni iwapo jaji aliyewahi kukaa katika baraza la mawaziri anaweza kuketi tena kuhukumu bila wananchi kumtilia shaka. Katiba inawakataza majaji walio kazini kushika vyeo vingine vya umma au kujiunga na vyama vya siasa, lakini haisemi ni lini aliyetoka siasa anaweza kurejea, na sheria imebadilika mara kadhaa kulijibu hilo. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024, kwa makubaliano ya vyama viwili vikubwa, inamtaka jaji aliyekuwa waziri angoje miaka 2 kabla ya kurudi kutoa hukumu.