Mji wa New Orleans: Habari ya Gharika na Askari Wake

Tangu zamani watu wameweka walinzi katika miji yao ili usiku walale kwa amani. Nasi twawapa walinzi hao silaha, mavazi ya kazi na amri ya kukamata, maana twatumaini kuwa nguvu hiyo wataitumia kwa ajili yetu. Walakini neno moja husahauliwa mara nyingi: mlinzi naye ni mwanadamu, aweza kuogopa, aweza kukosa, na akiisha kukosa aweza kuficha. Basi ni nani amwangaliaye mlinzi, na hasa siku ya msiba mkubwa, kila mtu anapohangaikia roho yake? Katika makala hii twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari ya mji mmoja wa Marekani uliojifunza jibu la swali hili kwa hasara kubwa.

Mji wenyewe ni New Orleans, nao u katika jimbo la Louisiana, karibu na mahali mto Mississippi unapoingia baharini. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718. Sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini kuliko usawa wa bahari, hata wenyeji wakalazimika kuuzungushia matuta makubwa na kuta, na kuweka mashine za kuvuta maji ya mvua na kuyatoa nje. Siku ya Jumatatu, tarehe 29 Agosti 2005, tufani iliyoitwa Katrina ilipiga pwani ile. Kuta na matuta yakabomoka mahali pengi, maji yakaingia kwa nguvu, na karibu sehemu nne katika tano za mji zikafunikwa. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka kwa motokaa zao. Waliobaki walikuwa hasa maskini, wazee na wagonjwa, na wengi wao walikuwa watu weusi. Katika nchi yote iliyopigwa na tufani ile, waliokufa walipita elfu moja.

Ni haki kwanza kuwasifu askari polisi waliostahili sifa. Wengi wao nyumba zao wenyewe zilizama, wala hawakujua jamaa zao wako wapi, hata hivyo walikaa katika kazi, wakapita kwa mashua kuwaokoa watu waliopanda juu ya mapaa. Simu za upepo ziliharibika, vituo vikajaa maji, chakula kikawa haba. Wengine walikimbia, na wawili walijiua kwa uchungu. Asemaye kuwa askari wote wa mji ule walikuwa waovu, hasemi kweli.

Lakini pamoja na maji uliingia uvumi. Ilisemekana kwamba watu wanauana ovyo katika uwanja mkubwa walimokimbilia maelfu, na kwamba hata watoto wachanga wanatendewa mambo ya kutisha. Meya na mkuu wa polisi wenyewe waliyasema maneno kama hayo mbele ya watu wote. Baadaye yalipochunguzwa, mengi yalionekana si kweli. Tena, tarehe 31 Agosti meya aliwaamuru polisi waache kazi ya kuokoa watu, warudi kuzuia wizi madukani. Basi kwa siku mbili tatu tu, raia aliyekuwa mtu wa kuokolewa akawa mtu wa kushukiwa.

Matunda yake hayakukawia. Tarehe 2 Septemba askari mmoja alimpiga risasi Henry Glover, mtu mweusi wa mji ule, naye akafa; kisha askari mwingine akauteketeza mwili wake ndani ya motokaa kando ya tuta la mto. Siku mbili baadaye, Jumapili asubuhi, habari ilipigwa kwa simu ya upepo kwamba askari wanashambuliwa kwa bunduki. Kikosi kikapanda lori la kukodi, lisilo na alama yoyote ya polisi, kikafika kwenye daraja liitwalo Danziger. Hapo palikuwa na watu waliokuwa wakivuka kwa miguu, wasio na silaha. Askari wakawafyatulia risasi. Kijana wa miaka 17, James Brissette, akafa. Ronald Madison, mtu wa miaka 40 ambaye akili yake ilikuwa kama ya mtoto, alipigwa risasi mgongoni alipokuwa akikimbia, naye akafa. Wengine wanne walijeruhiwa, na mmoja wao, mama aliyekuwa pamoja na jamaa zake, alipoteza mkono.

Tutazame sasa yaliyofuata, maana ndiyo kiini cha habari yetu. Kazi ya kupeleleza jambo lile waliachiwa polisi wenyewe. Wahenga walionya kesi ya nyani isipelekwe kwa ngedere, na hapa ilipelekwa. Mpelelezi alichukua bastola kutoka nyumbani kwake, akaiandika kuwa imeokotwa darajani. Wakabuniwa mashahidi wasiokuwapo duniani. Askari wakakutana faraghani kupatanisha maneno yao kabla ya kuyatoa rasmi. Tena nduguye marehemu Ronald, aliyekuwa naye darajani, akakamatwa na kushtakiwa kuwa alijaribu kuwaua askari, akakaa kifungoni wiki tatu hivi. Hivyo aliyefiwa akafanywa mshtakiwa, na waliomfyatulia nduguye risasi wakawa mashahidi.

Wasomaji wetu wamekumbuka mara moja habari ya mfalme Daudi na Uria. Uria aliuawa vitani, mahali ambapo vifo ni vingi na hakuna aulizaye cha kila mmoja. Daudi alidhani kishindo cha vita kimelifunika jambo lake, mpaka alipojiwa na Nathani. Gharika ni kama vita: maiti ni nyingi, karatasi zimelowa, mashahidi wametawanyika. Mwenye kutaka kuficha hupata nafasi. Ndiyo maana kila mji wahitaji Nathani wake, mtu asiyekula mezani pa yule anayemwuliza.

Je, New Orleans haikuonywa? Ilionywa sana. Mwaka 1994 mama mmoja wa watoto watatu alipeleka malalamiko kwa wakuu wa polisi juu ya askari aliyempiga kijana. Habari ikamfikia askari yule, naye akaagiza mama yule auawe. Akauawa siku moja tu baada ya kulalamika. Hapo kila mtu aliona hatari ya raia kukosa mlango wa kulalamikia ila mlango wa yule yule anayemlalamikia. Mwaka 1995 katiba ya mji ikatoa ruhusa kuwe na Mkaguzi Mkuu wa mambo ya serikali ya mji. Miaka michache kabla ya tufani, kamati ya raia na polisi ikashauri awekwe Mwangalizi wa Polisi asiyekuwa chini ya polisi. Maneno yakaandikwa vizuri, karatasi zikawekwa. Walakini mwaka 2005 maji yalipoingia, ofisi ya Mkaguzi ilikuwa haijafunguliwa, wala Mwangalizi alikuwa hajawekwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Matuta ya udongo yalikuwa na ufa, na matuta ya sheria yalikuwa na ufa. Mafuriko yakapita pote pawili.

Kazi ya kuujenga ukuta huo ilikuwa ndefu. Jamaa za waliokufa hawakunyamaza, na waandishi wa magazeti waliendelea kuuliza. Mwishoni mwa mwaka 2006 askari saba walishtakiwa katika korti ya jimbo, lakini mwaka 2008 hakimu akayafuta mashtaka. Kisha serikali kuu ya Marekani ikaingia kupeleleza. Mwaka 2010 baadhi ya askari waliungama kuwa walisema uongo. Mwaka 2011 watano wakapatikana na hatia. Mwaka 2013 hakimu akaifuta hukumu ile, kwa kuwa wanasheria wa serikali walikuwa wameandika maneno juu ya mambo ya kesi kwa majina ya kujificha katika kurasa za gazeti kwenye intaneti. Mwisho, mwezi wa Aprili 2016, wale watano walikiri makosa yao, wakapewa vifungo vya miaka mitatu mpaka kumi na miwili. Katika habari ya Glover, aliyepiga risasi alihukumiwa mwaka 2010, kisha akaachiliwa mwaka 2013 kesi iliposikilizwa upya. Yule aliyeuteketeza mwili alifungwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 mji ulikubali kuwalipa waliodhulumiwa na jamaa zao dola milioni 13.3, na meya wa wakati ule akawaomba radhi. Haki ilikuja, lakini ilichukua miaka zaidi ya kumi, tena ilikuja imepungua, maana ushahidi usiokusanywa siku ya kwanza ni vigumu kuupata baada ya miaka.

Wakati huo huo mji ulijenga kile ulichokuwa umekiacha. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ilifunguliwa mwaka 2007, na ya Mwangalizi wa Polisi mwaka 2009. Mwaka 2013 hakimu wa serikali kuu alithibitisha mapatano ya kutengeneza upya polisi ya mji, nayo yalisimamiwa na korti kwa miaka zaidi ya kumi. Mwaka 2016 wenyeji walipiga kura kumpa Mwangalizi fungu lake la fedha, ili asimtegemee mtu mwingine. Kazi yake si kuwaamuru askari, wala hana mamlaka ya kuwaadhibu. Hupokea malalamiko ya raia, huyasoma maandiko ya upelelezi, hufika mahali askari alipompiga mtu risasi, huwapatanisha raia na askari wanaokubali kukaa pamoja, kisha huwatangazia watu yale aliyoyaona. Ni kazi ya macho, masikio na kalamu, lakini laiti macho hayo yangalikuwapo darajani siku ile, bastola ya uongo ingaliwekwa kwa shida sana.

Wako wasemao, Wakati wa msiba hakuna nafasi ya kuulizana. Askari waachwe wafanye kazi. Twaelewa neno lao, wala hatutaki mtu amshike mkono askari anayeokoa roho. Lakini kuuliza si kuzuia. Kuandika ni nani aliyetumwa wapi, amechukua silaha gani, amefyatua risasi ngapi na kwa sababu gani, hakumkawizi askari mwema. Tena humlinda, kwa kuwa jina lake halitachanganywa na la mwovu. Waliovuta watu kutoka mapaani walipata aibu bure kwa ajili ya wale wa darajani.

Basi nasi, kila mahali tulipo, tusiseme kuwa habari hii ni ya watu wa mbali. Mvua kubwa, njaa na maradhi vyaja kila nchi, na siku hizo wenye silaha huwa na nguvu kuliko siku zote. Atakayewauliza huchaguliwa wakati wa jua. Watu wa New Orleans walikuwa na miaka kumi ya jua, tangu 1995 mpaka 2005, na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Walichokosa ni kufungua mlango wa ofisi na kumweka mtu ndani yake.