Kujitunza: Neno la Mwenye Kisukari na Simu Yake

Mama mkubwa wangu anaishi Tanga na ana kisukari cha aina ya pili. Mjukuu wake alimwekea kwenye simu programu ya kuandika vipimo vya sukari, ambayo Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Asubuhi ya kwanza alikaa ukumbini, akavaa miwani, akajitoboa kidole. Mashine ikasoma 7.8. Programu ikamwambia: “Ingiza sukari ya kufunga.”

Akaiweka simu chini. “Mimi sijafunga, mwanangu. Daktari mwenyewe kanikataza tangu niingie kwenye sindano.”

Alikuwa sahihi. Kilichotakiwa pale ni sukari ya asubuhi kabla mtu hajatia kitu kinywani, na hospitalini sijamsikia muuguzi akisema “njoo umefunga”. Husema “njoo hujala”. Kufunga kwetu ni Ramadhani au Kwaresima, ni ibada yenye nia. Aliyetafsiri alifungua kamusi tu, mgonjwa hakumwona.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari neno kubwa lililo nyuma ya programu hizi zote, ambalo kwa Kiingereza ni self-care. Katika uuguzi lilipata nguvu kupitia Dorothea Orem, muuguzi wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 kilijenga nadharia nzima juu ya yale mtu anayojifanyia mwenyewe ili aishi na awe mzima. Shirika la Afya Duniani limelipanua: ni uwezo wa mtu, familia na jamii kulinda afya, kuzuia maradhi na kuishi na ugonjwa, mhudumu wa afya awepo au asiwepo. Mwenye kisukari haya anayaishi. Kliniki anakwenda mara moja kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi mitatu. Siku zilizobaki ni zake. Yeye ndiye anayepima tonge la ugali kwa jicho, ndiye anayekumbuka kidonge, ndiye anayegeuza nyayo usiku kuona kama kuna kidonda ambacho miguu yake haikukihisi.

Sasa kazi hiyo tuiiteje?

Nimewahi kuona “huduma binafsi”. Tuliache hilo. Hospitali binafsi kwetu ni ile isiyo ya serikali, shule binafsi vilevile, na mtu akisoma “huduma binafsi ya kisukari” atauliza bei yake ni kiasi gani. “Kujihudumia” ni neno la mgahawa ambao mteja hujipakulia. “Kujitibu” ni la hatari, kwa kuwa ndilo tunalotumia kuwaonya wanaonunua dawa dukani bila kupima. Mtu wa insulini akiambiwa na simu ajitibu, anaweza kujiongezea dozi. “Kujiuguza” lina joto lake, maana kuuguza ni kukesha na mgonjwa, kumgeuza, kumnywesha uji. Lakini anayeuguzwa yuko kitandani, na mwenye kisukari yuko sokoni, shambani na darasani. “Kujisimamia” ni zuri, ila ningeliweka kwa dhana jirani: kusoma vipimo na kurekebisha chakula au dawa kwa mpango mliokubaliana na daktari.

Linabaki kujitunza, na hilo ndilo ninalolichagua. Najua mtaani lina kazi nyingine. Msichana aliyejitunza ni aliyelinda heshima yake, na mama anayejitunza ni anayependeza kuliko umri wake. Maana hizo hazimpotezi mgonjwa. Zote zinasema kuna kitu cha thamani kinachoangaliwa kila siku kisiharibike, na mwili wenye kisukari unataka uangalizi huohuo.

Tena kutunza kuna upana unaotufaa sana hapa. Tunatunza mtu, tunatunza kumbukumbu, tunatunza siri. Programu ya kisukari inadaiwa yote matatu.

Kumbukumbu ndiyo kazi yake ya kila siku. Daftari la mama mkubwa lina namba za miaka, lakini namba zilizopangwa mstari kwa mstari hazisemi kitu mpaka mtu azisome kwa pamoja. Simu huzichora zikawa mchoro, na ghafla unaona kwamba sukari hupanda kila baada ya chai ya jioni yenye maandazi, au hushuka siku za kufua nguo nyingi. Daktari akiona mchoro ule anaelewa kwa nini kile kipimo ambacho wagonjwa hukiita “sukari ya miezi mitatu” kimetoka juu ya asilimia 7. Jina hilo la wagonjwa ni sahihi kuliko wanavyodhani: chembe nyekundu za damu huishi karibu siku 120, na sukari hujishikiza ndani yake. Tafiti zimeonyesha kuwa programu hizi hushusha kipimo hicho kwa kiasi, na hufanya vizuri zaidi pale ambapo mhudumu wa afya anazisoma namba na kujibu. Simu peke yake haitoshi.

Lakini kumbukumbu ikiandikwa kwa kipimo cha watu wengine inaweza kuua. Mashine zetu nyingi Afrika Mashariki husoma kwa milimoli kwa lita; Marekani husoma kwa miligramu kwa desilita. Ukitaka kutoka hiki kwenda kile unazidisha kwa 18, hivyo 12 yetu ni 216 yao. Mtu mwenye 12 akiiandika katika programu iliyopangwa Kimarekani, programu inaona mtu ambaye sukari imemwishia mwilini, na itamhimiza anywe kitu kitamu haraka. Sukari yake tayari iko juu.

Saa nayo ni vilevile. Kwenye simu ya Kiingereza dawa imewekwa 8:00 asubuhi. Mtafsiri mvivu, au mashine ya kutafsiri, huandika “saa 8”. Kwa mama mkubwa saa nane ni mchana, adhuhuri imeshapita. Sindano iliyotakiwa kabla ya chai inachelewa saa sita nzima. Iandikwe “saa 2 asubuhi”, kama anavyosema kila mtu kuanzia Tanga hadi Kigoma.

Neno ninalolihofia zaidi ni lile la dharura. Nimekuta “haipoglisemia” kwenye onyo lililopaswa kusomwa na mtu ambaye mikono yake inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio na fahamu zinaanza kumtoka. Wakati huo hakuna anayefungua kamusi. Watu wanasema “sukari imeshuka”, na wakisema hivyo nyumba nzima inasimama. Onyo liseme hivyo: sukari yako imeshuka chini ya 4, kunywa sasa maji yenye sukari, vijiko vitatu vya chai, pima tena baada ya dakika 15. Na chini yake, kwa aliye karibu: akiwa hajitambui usimnyweshe kitu, mpeleke hospitali.

Mstari huo wa mwisho unanirudisha kwenye kile kiambishi kidogo kilichomo katika kujitunza, -ji-. Kujitunza kunaweza kusikika kama mzigo wa mtu mmoja, kana kwamba tumemwambia mgonjwa “shauri yako”. Sivyo tunavyoishi. Anayepika ni mwingine, anayenunua vijiti vya kupimia ni mwingine, na anayegundua kwamba bibi amekuwa mkimya kuliko kawaida ni mjukuu. Kiswahili kina -ana pia: tunatunzana. Programu njema iruhusu mtu wa pili, aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, aone namba na apate onyo.

Kwa ridhaa ya mgonjwa, lakini. Hapo ndipo inapoingia siri. Namba za sukari ni habari za mwili wa mtu, na wapo wanaoficha kisukari kazini au kwa wakwe. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Programu imweleze mgonjwa, kwa Kiswahili cha kawaida, namba zake zinakwenda wapi.

Kuhusu jina la chombo chenyewe sina ugomvi. Wengine huandika programu tumizi, wengine aplikesheni, vijana husema apu. Litakaloshinda litashinda. Wala si lazima iwe simu ya bei. Senegal mwaka 2014, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ilianza kuwatumia wenye kisukari ujumbe mfupi wa kawaida wakati wa Ramadhani, kuwaelekeza namna ya kujilinda katika mwezi ule. Huko neno kufunga lilikuwa mahali pake.

Mama mkubwa amerudi kwenye daftari. Mjukuu huja Jumapili, yeye humsomea namba za wiki, mjukuu akaziingiza kwenye simu, wakatazama mchoro pamoja.

Nanyi mnaotengeneza programu hizi Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na kwingineko, ombi langu ni moja. Chukueni kila sentensi mliyoiandika, mkamsomee mtu mwenye kisukari asubuhi, kabla hajala. Akiweka simu chini, andikeni upya.