Kuahirisha Swali la Jinai

Mkenya anayefanya kazi za nyumbani Ruwais, Jeddah, au kwenye nyumba mojawapo ya Riyadh, aliulizwa habari za polisi kabla bosi wake hajamfahamu hata kwa sauti. Alichukuliwa alama za vidole, akalipa shilingi 1,050 kupitia eCitizen, akasubiri Idara ya Upelelezi wa Jinai impe cheti cha maadili mema. Wakala hasogezi faili bila karatasi hiyo.

Kuna sheria zinazopinga mpangilio huo. Marekani zinajulikana kwa jina la kisanduku: kile cha kwenye fomu ya kazi ambacho mwombaji hutia alama kama amewahi kuhukumiwa. Waliovuma kwa kudai kiondolewe ni wafungwa wa zamani wa California, walioungana mwaka 2003 katika All of Us or None, ingawa jimbo la Hawaii lilikwisha kutunga sheria ya namna hiyo mwaka 1998.

Ukilitafsiri jina lao kuwa "kupiga marufuku kisanduku", msomaji atauliza ni sanduku gani, na akielezwa atadhani swali limefutwa. Halikufutwa. Hawaii mwajiri huuliza akishamwahidi mtu kazi, na akikuta kosa linalohusiana na kazi yenyewe anaweza kuirudisha ahadi yake. Kilichosogezwa ni wakati wa kuuliza. Ndiyo maana nashikilia istilahi "kuahirisha swali la jinai". Nimechagua jinai, si uhalifu, kwa sababu jinai hutaja aina ya kosa mbele ya sheria, ilhali uhalifu humganda mtu: aliyemaliza kifungo chake miaka kumi iliyopita hastahili kuitwa mhalifu na fomu.

Kenya nayo imo. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ya 2007 ilirekebishwa ili mwajiri asidai vyeti vya uidhinisho, kikiwemo kile cha maadili mema, ila kwa mtu aliyekwisha kumpa ofa. Kilio kikubwa kilikuwa gharama, maana vijana walilipia karatasi chungu nzima kwa kazi wasizozipata. Hata hivyo, matokeo ni yale yale: utu na ujuzi hutangulia, faili la polisi hufuata. Anayekwenda Ghuba haonji nafuu hiyo, kwani kwake cheti ndicho mlango wa safari yote.

Waarabu huita makosa yaliyoandikwa sawabiq, yaliyotangulia. Saudia ina pia utaratibu wa radd al-i'tibar, ambapo aliyetumikia adhabu hurudishiwa hadhi yake. Sisi tunalo neno itibari tangu zamani, kwa hiyo "kurudishiwa itibari" litaeleweka Lamu na Unguja bila maelezo marefu.

Lakini neno linalowanyima usingizi watu wetu huko Saudia ni huruub: taarifa ya mwajiri kwamba mfanyakazi ametoroka. Inaweza kumkosesha kibali na kumfikisha kwenye kurudishwa kwao, hata kama alikimbia kipigo au mshahara usiolipwa. Ni madai ya upande mmoja, hakuna hakimu aliyemhukumu. Watu hawa wanaporudi, wakalimani na wanaojaza fomu wasiiandike huruub kuwa rekodi ya jinai. Waandike "taarifa ya kutoroka iliyotolewa na mwajiri", na mwenyewe apewe nafasi ya kueleza alikimbia nini.