Motokaa Zilizobaki Baada ya Kiwanda

Watu wengi hudhani kwamba mapenzi ya mtu kwa chombo cha chuma hayana kina. Motokaa hununuliwa, hutumika, huchakaa, kisha huuzwa ili nyingine ichukue nafasi yake. Mwenye motokaa akisikia kwamba kiwanda kilichoiunda kimefungwa, yatazamiwa kuwa ataiuza upesi kabla thamani yake haijaanguka. Walakini katika historia ya motokaa kuna habari isiyopatana na dhana hiyo, nayo ni habari ya Saab ya Uswidi. Kiwanda chake kilifilisika mwaka 2011, lakini motokaa zake hazikutupwa. Maelfu ya watu huziendesha, huzitengeneza na kuzitunza hata sasa. Yafaa tujiulize mapenzi hayo yalitoka wapi, na kwa nini, pamoja na ukubwa wake wote, hayakuweza kukiokoa kiwanda chenyewe.

Saab haikuanza kwa kuunda motokaa. Mwaka 1937, Ulaya ilipokuwa ikijiandaa kwa vita, Uswidi ilianzisha kampuni ya kuunda ndege za kulinda anga lake. Kampuni hiyo iliitwa Svenska Aeroplan Aktiebolaget, yaani Kampuni ya Ndege ya Uswidi, na kwa kifupi ikajulikana kwa jina la Saab. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, haja ya ndege za kivita ilipungua, na wakuu wa kampuni wakaona kuwa watabaki na mafundi hodari wasio na kazi ya kutosha. Wakakata shauri kuunda motokaa ndogo ambayo familia ya kawaida ingeweza kuinunua. Kazi hiyo walikabidhiwa watu wachache wakiongozwa na mhandisi Gunnar Ljungström, ambaye kabla ya hapo alishughulika na mabawa ya ndege. Umbo la motokaa lilichorwa na Sixten Sason.

Mtu aliyezoea bawa la ndege huitazama motokaa kwa jicho lake mwenyewe. Ljungström na wenzake walijua kwamba hewa ni kizuizi, na kwamba chombo kinachoipasua kwa ulaini huenda mbali kwa mafuta machache. Kwa hiyo motokaa yao ya kwanza ya majaribio, iliyokamilika mwaka 1946, ilikuwa na mgongo ulioinama kama tone la maji. Ilionyeshwa kwa waandishi wa magazeti mwezi wa Juni 1947, na mwezi wa Desemba 1949 uundaji wake ukaanza katika mji wa Trollhättan. Iliitwa Saab 92, kwa sababu hesabu za 90 na 91 zilikwisha kupewa ndege.

Motokaa hiyo ilikuwa na mambo ya ajabu. Injini yake ilikuwa na silinda mbili tu na nguvu za farasi 25. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta, si ya nyuma yaliyosukuma kama ilivyokuwa kawaida ya motokaa nyingi za siku zile. Uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu hayo yakashika njia vizuri, jambo lililokuwa na faida kubwa katika nchi ya theluji. Magari ya mwanzo yote yalipakwa rangi ya kijani. Tena hayakuwa na mlango wa buti. Mwenye mizigo alilazimika kuipitisha ndani, nyuma ya kiti. Kasoro hiyo iliondolewa mwaka 1953.

Injini yenyewe ilihitaji dereva mwenye kuielewa. Haikuwa na hazina ya oili peke yake. Oili ilichanganywa na petroli, na vyote viwili viliingia katika injini pamoja. Hatari yake ni hii: dereva akiteremka mlima mrefu huku ameondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu huizungusha injini kwa kasi na oili iingiayo ni kidogo, hata vyuma huweza kukwama. Ndiyo sababu wahandisi waliweka kifaa cha kuyaachisha magurudumu na injini, ili motokaa iserereke yenyewe. Dereva wa Saab, basi, alipaswa kujua mambo ambayo madereva wengine hawakuyajua. Kujua huko kulimpa fahari. Hapa twaona chanzo kimoja cha mapenzi yale: mtu hukipenda zaidi chombo kilichomfundisha.

Chanzo cha pili kilikuwa ushindi wa mnyonge. Erik Carlsson, aliyezaliwa Trollhättan mwaka 1929, alizichukua motokaa hizo ndogo akazishindanisha na kubwa. Alishinda mashindano makuu ya Uingereza mara tatu mfululizo, mwaka 1960, 1961 na 1962, kisha akashinda yale ya Monte Carlo mwaka 1962 na 1963. Kwa kuwa injini yake ilikuwa na nguvu kidogo, hakutaka kuipoteza kasi hata chembe. Aliuacha mguu wa kulia kwenye mafuta na kufunga breki kwa mguu wa kushoto, akipita kwenye kona bila injini kupumzika.

Jina la Saab lilifika pia katika nchi yetu kwa njia hiyo hiyo. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalijulikana ulimwenguni kwa vumbi, mawe na matope yake. Mwaka 1962 Pat Moss, mwanamke wa Uingereza aliyekuja kuolewa na Carlsson, alimaliza wa tatu akiendesha Saab 96. Mwaka 1964 Carlsson mwenyewe, pamoja na mwenzake Gunnar Palm, alimaliza wa pili nyuma ya Peter Hughes wa Kenya. Husimuliwa kwamba katika safari ile motokaa yao ilinasa topeni, nao, badala ya kungoja msaada, wakaibingiriza juu ya paa lake mpaka ikafika mahali pakavu, wakaendelea. Waandishi wa habari waliposita kuyasadiki maneno hayo, Carlsson aliibingiriza tena mbele ya macho yao. Motokaa inayoweza kutendewa hivyo na bado ikaenda haisahauliki upesi.

Miaka ilivyopita, kampuni ilikua. Saab 99 ilionyeshwa mwaka 1967, na Saab 900 ikaundwa kuanzia mwaka 1978 hadi 1993, zaidi ya motokaa 900,000. Wahandisi waliendelea na desturi yao ya kutafuta jibu lao wenyewe kwa kila swali. Mwaka 1970 waliweka brashi za kufuta taa za mbele, kwa maana taa iliyofunikwa na theluji haina faida. Mwaka 1971 waliweka kiti chenye kupashwa joto. Ufunguo wa kuwashia waliuondoa karibu na usukani na kuuweka chini kati ya viti viwili, mahali ambapo hauwezi kuumiza goti la dereva motokaa ikigongwa. Mwaka 1977 walionyesha Saab 99 yenye turbo, yaani gurudumu dogo la mapezi linalozungushwa na moshi utokao katika injini, nalo husukuma hewa nyingi zaidi ndani ili injini ndogo itoe nguvu za injini kubwa. Wengine waliwahi kukitumia kifaa hicho kabla yao, lakini Saab ndiyo iliyokifanya kiwe cha kutumika kila siku, kwenda kazini na sokoni.

Wenye Saab wakawa kama jamaa moja. Wakipishana njiani walimulikiana taa kwa kusalimiana, ingawa hawajuani. Waliunda vyama, wakachapisha majarida yao, wakafundishana namna ya kutengeneza gia na kutafuta vipuri. Hapana shaka kwamba mapenzi yao yaliwafumba macho mara nyingine, kwa maana ukipenda chongo utaita kengeza. Gia za baadhi ya motokaa hizo zilikuwa dhaifu na kutu ilizila nyingi, lakini wenyewe walizitaja kasoro hizo kama mzazi atajavyo utundu wa mwanawe. Wala imani yao haikukosa msingi. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Saab 900 moja ya mwaka 1989 ilikwenda zaidi ya maili milioni moja, na mwisho wake ikawekwa katika nyumba ya makumbusho.

Hapa ndipo tunapofika penye uzito wa habari yetu. Mtu aendeshaye motokaa moja kwa maili milioni moja hukiletea kiwanda sifa kubwa, lakini hakiletei fedha nyingi. Kuunda motokaa mpya ni kazi ya gharama kubwa sana, na gharama hiyo ni nyepesi kwa kiwanda kinachouza mamilioni kwa mwaka, bali ni nzito kwa kinachouza makumi ya maelfu. Hata katika mwaka wake bora kabisa, mwaka 2006, Saab iliuza motokaa 133,000 hivi tu. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilikuwa imechukua nusu ya biashara ya motokaa mwaka 1990, ikaimaliza yote mwaka 2000, lakini faida ilipatikana kwa nadra. Ili kupunguza gharama, jina la Saab likatiwa juu ya motokaa ambazo asili yake ilikuwa Subaru na Chevrolet. Wapenzi wa zamani walizitazama wakaona jina bila tabia, wakarudi kuzitunza zile walizokuwa nazo.

Mwaka 2009 General Motors yenyewe ilipofilisika, ilitaka kuiondoa Saab mikononi mwake. Mwezi wa Januari 2010 wenye Saab walikusanyika katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, wakapanga misafara mirefu ya motokaa zao, mpya na kuukuu, wakidai kiwanda kisifungwe. Mwezi uliofuata kiliuzwa kwa Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi. Nafuu hiyo haikudumu. Mwaka 2011 waliouza vyuma na vifaa hawakulipwa, mitambo ikasimama, na tarehe 19 Desemba kampuni ikatangazwa kuwa imefilisika. Zaidi ya watu 3,000 walipoteza kazi, wengi wao katika mji mmoja. Kampuni nyingine ilikinunua kiwanda mwaka 2012 na kuunda motokaa chache, lakini mwaka 2014 ilinyimwa haki ya kulitumia jina. Jina lilibaki kwa kampuni ya ndege, iliyokuwa imetengana na biashara ya motokaa, nayo ingali hai.

Je, mapenzi ya wale watu yalikuwa bure? Sidhani. Hayakuwa na uwezo wa kukiokoa kiwanda, lakini yaliokoa mambo mengine. Mapema mwaka 2012 motokaa za makumbusho ya Saab, zaidi ya 100, zilitolewa ziuzwe ili madeni yalipwe. Kulikuwa na hofu kwamba zingetawanyika duniani. Manispaa ya Trollhättan, kampuni ya ndege na mfuko wa familia ya Wallenberg wakaungana kuzinunua zote pamoja, zikabaki mjini zilimozaliwa. Ghala la vipuri la Nyköping nalo halikufungwa. Lilichukuliwa na serikali ya Uswidi kwa ajili ya deni, likaendelea kuuza vipuri kwa jina jipya la Orio kuanzia mwaka 2013. Vipuri huuzwa tu pale penye wanunuzi, na wanunuzi walikuwapo kwa sababu watu hawakukubali kuziacha motokaa zao.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wenye Saab waliushika usia huo, na twaweza kuwasifu kwa hilo, hasa katika zama ambazo vitu vingi huundwa ili vitupwe. Lakini habari yao yatuonya pia. Msukaji wa mikeka hawezi kula sifa za mkeka aliousuka miaka 20 iliyopita; akikosa mnunuzi wa mkeka wa leo, ataiacha kazi, na ujuzi wa vidole vyake utapotea pamoja naye. Apendaye kazi ya mikono ya watu yampasa azitunze kazi walizokwisha kuzifanya, tena awakumbuke wao wenyewe wangali wakifanya kazi.