Mwenye Majeneza na Kitambi Chake

Namba 3, Mtaa wa St James's, London, lipo duka la mvinyo lililofunguliwa mwaka 1698. Zamani liliuza kahawa, na ndani yake ilining'inia mizani kubwa ya kupimia magunia. Kuanzia mwaka 1765 wenye duka wakawa wanawakalisha wateja wao kwenye mizani hiyo na kuandika uzito wao daftarini. Kupima magunia ilikuwa kazi. Kupima mabwana kukawa mtindo wa wakubwa wa mji. Mshairi Lord Byron alipanda mwaka 1806, akiwa kijana wa chuo kikuu, akaandikwa kama kilo 88. Kufika mwaka 1811 alikuwa amebaki na kilo 57 hivi. Alikuwa akiishi kwa biskuti na maji ya soda, au viazi vilivyomwagiwa siki, huku akijivika nguo nzito nzito ili atoke jasho. Alipungua kweli, lakini hayo yalikuwa mateso kuliko mlo.

Mtaa huohuo ndiko ilikokuwa kampuni ya familia ya Banting, watengeneza majeneza na waandalizi wa mazishi ya watu wakubwa kuliko wote Uingereza. Mfalme George wa Tatu alipofariki mwaka 1820, Duke wa Wellington mwaka 1852 na Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka 1861, shughuli zilipitia mikononi mwao. William Banting alikuwa na heshima, fedha na mikataba ya ikulu. Alikuwa pia na kitambi kilichomzuia kuinama afunge kamba za viatu vyake.

Kwa urefu wa futi 5 na inchi 5, yaani kama sentimita 165, Banting alifikia ratili 202, karibu kilo 92. Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 alikuwa akishuka ngazi kinyumenyume, taratibu, ili magoti na vifundo visibebe uzito wote kwa mkupuo. Alikerwa na maneno ya watu kwenye mabasi na mitaani, hata akapunguza kutoka. Si kwamba alikaa bure. Rafiki yake daktari alimwambia afanye mazoezi, naye akanunua mashua nzito akawa anapiga makasia kwa muda wa saa mbili kila alfajiri. Misuli ikaja, na njaa ikaja nayo. Akaitii njaa, akanenepa zaidi. Alijaribu kutembea, kupanda farasi, mabafu ya mvuke ya Kituruki, na maji ya chemchemi za Leamington, Cheltenham na Harrogate. Mabafu yale, aliyoyaingia mara hamsini hivi, yalimpunguzia ratili chache tu.

Kilichomwokoa ni sikio. Mwezi Agosti 1862 usikivu wake ulikuwa umeharibika, na bingwa wa masikio aliyemzoea alikuwa amekwenda likizo. Akalazimika kutafuta mwingine, akamwangukia William Harvey, daktari wa upasuaji wa masikio. Harvey alikuwa amehudhuria Paris mihadhara ya Claude Bernard, mwanafiziolojia aliyegundua kwamba ini hutengeneza sukari. Aliporudi London aliunganisha mambo mawili: wagonjwa wa kisukari walikuwa wakinyimwa sukari na wanga, na wafugaji walikuwa wakinenepesha wanyama kwa nafaka. Kama nafaka hunenepesha ng'ombe, kwa nini zisimnenepeshe mwenye majeneza? Akamwambia mgonjwa wake tatizo si sikio, ni mafuta, na akampa orodha ya vitu vya kuacha: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Orodha hiyo ilikuwa ndiyo maisha ya Banting. Asubuhi alizoea chai yenye maziwa na sukari tele pamoja na tosti ya siagi. Mchana nyama, bia, mkate mwingi na vitafunwa vya unga. Jioni chai tena. Usiku andazi la matunda au mkate na maziwa. Sasa akawa anakula hivi. Asubuhi, wakia nne au tano za nyama ya ng'ombe, kondoo, figo au samaki wa kuchoma, chai ya rangi bila sukari, na kipande kidogo cha tosti kavu. Mchana, wakia tano au sita za samaki asiye salmoni au nyama isiyo ya nguruwe, mboga yoyote isipokuwa viazi, tosti kavu wakia moja, na glasi mbili tatu za mvinyo. Alasiri, matunda kidogo na chai. Usiku, nyama au samaki wakia tatu au nne na glasi nyingine ya mvinyo. Na kama usingizi ulihitaji kusindikizwa, bilauri ya pombe kali isiyotiwa sukari. Hapo msomaji wa Lamu ataguna, na ana haki. Lakini kwa London ya miaka ile, kumnyima bwana wa heshima bia ndiko kulikohesabiwa ukatili.

Kila baada ya wiki chache alipima na kuandika. Tarehe 26 Agosti 1862, ratili 202. Tarehe 12 Septemba 1863, ratili 156. Zilikuwa zimetoka ratili 46, karibu kilo 21, na kiuno kimepungua zaidi ya inchi 12. Alishuka ngazi akitazama mbele, na masikio yakasikia.

Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Banting aliandika kijitabu mwaka 1863, barua kwa umma kuhusu unene, akachapisha nakala 1,000 kwa fedha zake na kuzigawa bure. Zikaisha. Akachapisha tena, zikaisha. Toleo la tatu likauzwa, na faida akaitoa sadaka; kufika mwaka 1869 nakala zilizotoka zilikuwa zaidi ya 60,000. Jina lake likawa kitenzi, London nzima ikaulizana nani anafanya alichofanya Banting, na Waswidi mpaka leo hutumia neno lililotokana na jina hilo wanaposema mtu anapunguza mwili kwa mlo. Madaktari walikasirika. Jarida la Lancet lilimtaka aache kujiingiza katika mambo ya tiba. Ni kweli hakuwa mtaalamu. Lakini alikuwa na kitu ambacho wengi wa waliomkemea hawakuwa nacho: jedwali la uzito lenye tarehe, lililochapishwa wazi ili kila mtu alione.

Jina hilo lilivuka bahari na karne. Mwaka 2013 Profesa Tim Noakes wa Cape Town na wenzake walitoa kitabu kilichoufufua mlo wa wanga kidogo Afrika Kusini, na ukaitwa Banting. Baada ya muda mfupi migahawa ilikuwa na menyu za Banting, na madukani vikajaa vitu vyenye chapa hiyo. Noakes mwenyewe alifikishwa mbele ya baraza la taaluma za afya kwa maneno machache aliyoyaandika mtandaoni mwaka 2014 kuhusu chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Mwaka 2017 akaonekana hana hatia, na rufaa ya mwaka 2018 haikubadilisha hukumu. Jambo la kuchekesha ni kwamba wafuasi wapya hupenda siagi, krimu na mafuta ya nguruwe, na tosti hawaigusi kabisa. Banting wa Mtaa wa St James's alikatazwa siagi na nguruwe, akala tosti kila siku. Angeingia kwenye mgahawa wa Cape Town ulioandikwa jina lake, angeagiza vitu visivyokuwemo.

Historia ya kupunguza mwili mara nyingi husimuliwa kama kesi mahakamani. Leo mshtakiwa ni wanga, kesho ni mafuta, keshokutwa sukari. Lakini nyuma ya mashtaka hayo kuna mambo ambayo hayabadiliki sana kutoka karne hadi karne: mizani, daftari, na kanuni nyepesi kiasi cha kufuatwa na mtu aliyechoka, saa mbili usiku. Kanuni ya Harvey ilikuwa na maneno sita. Iliondoa bia, maandazi na sukari kwa pamoja, ikaacha nyama na samaki vinavyoshibisha, na kila sahani ikawa na kipimo chake. Hata kama hoja ya Harvey kuhusu ini ingekuwa na kasoro, sahani ilikuwa imekwisha kupungua.

Hesabu ya kalori yenyewe ilikuja kutoka Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 Wilbur Atwater, katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimbo la Connecticut, alijenga chumba ambamo mtu aliishi siku kadhaa akila, akilala na kufanya kazi, huku joto la mwili wake na hewa anayovuta vikipimwa. Katika kazi hiyo ndimo zilimotoka namba zinazotumika hadi sasa: kalori 4 kwa gramu ya wanga, 4 kwa protini na 9 kwa mafuta. Atwater hakuwa akiwatafutia watu wembamba. Alitaka mfanyakazi maskini ajue chakula gani kingempa nguvu nyingi kwa senti chache.

Aliyeigeuza hesabu hiyo ni daktari wa Los Angeles, Lulu Hunt Peters, ambaye mwenyewe alikuwa amefikia ratili 220, kilo 100 hivi. Kitabu chake cha mwaka 1918 kiliwafundisha wanawake wa nyumbani neno kalori, ambalo wengi hawakujua hata kulitamka. Usile kipande cha mkate, aliwaelekeza. Kula kalori 100 za mkate. Aliwapa kanuni ya uzito wanaopaswa kuufikia: chukua inchi zinazozidi futi 5, zidisha kwa 5½, jumlisha 110, na jibu ni ratili. Anayetaka kupungua aliwekewa kalori 1,200 kwa siku. Picha za kitabu, watu wa vijiti wenye matumbo ya duara, zilichorwa na mpwa wake aliyekuwa bado mtoto.

Ilikuwa wakati wa vita. Peters aliwaambia wasomaji wake kwamba kurundika chakula mwilini wakati askari na watoto wa Ulaya wana njaa ni sawa na kuficha magunia stoo, na kwamba wakutane vikundi vikundi, wapimane, na atakayeshindwa atozwe faini. Watu wanaoikumbuka hesabu yake ya kalori husahau vikundi hivyo, nami naona vilikuwa muhimu kuliko hesabu. Kitabu kiliuzwa nakala zipatazo milioni mbili.

Kwamba kupunguza chakula kuna mpaka kulionekana chini ya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1945 mtafiti Ancel Keys aliwaweka vijana 36, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri, kwenye kalori kama 1,570 kwa siku kwa wiki 24, viazi, kabichi, tambi na mkate mweusi, huku wakitembea maili 22 kila wiki. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya walioteseka kwa njaa. Vijana walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walilamba sahani, walikusanya vitabu vya mapishi, waliota chakula, wakawa wakali na wapweke. Ruhusa ya kula ilipotolewa, walikula bila kushiba. Kiwango kile cha kalori, msomaji atambue, ni kikubwa kuliko 1,200 za Peters.

Jean Nidetch wa Queens, New York, hakuwa na maabara. Mwaka 1961 alikuwa na ratili 214, na mwanamke aliyemfahamu alimpongeza dukani akimuuliza atajifungua lini. Alikwenda kliniki ya idara ya afya ya jiji akapewa mlo uliotungwa na Dakta Norman Jolliffe: samaki mara tano kwa wiki, ini mara moja, mkate kidogo uliopimwa, maziwa yaliyotolewa mafuta, na marufuku kuruka mlo. Alipungua, lakini alikuwa na siri: usiku alikula biskuti alizozificha bafuni, na aliona aibu kumwambia mtaalamu wa kliniki. Akawaita nyumbani marafiki sita wanene kama yeye, akawaambia wao. Nao walikuwa na siri zao.

Wiki iliyofuata wakarudi na wengine. Oktoba 1962 Nidetch alifika ratili 142. Mei 1963 alifungua mkutano wa kwanza wa hadhara juu ya jumba la sinema. Alipanga viti 50, wakaja watu zaidi ya 400. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kampuni ya Weight Watchers, iliyouza mlo wa serikali uliokuwa ukitolewa bure, pamoja na kitu ambacho kliniki haikuwa nacho, yaani chumba cha watu wanaojuana. Mwaka 1978 kampuni ya Heinz, watengeneza sosi ya nyanya, iliinunua kwa zaidi ya dola milioni 70.

Swali la mashua ya Banting, yaani kwa nini mazoezi hayakumpunguza, nalo lilipata jibu la sehemu, na jibu lilitoka Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu inayotumiwa kwa siku na Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea, kuchimba mizizi na kuwinda kila siku. Ukilinganisha watu wa ukubwa mmoja wa mwili, Wahadza hawakuchoma kalori nyingi kuliko wakazi wa miji ya Marekani. Mazoezi yana faida nyingi kwa moyo na misuli, lakini kwa mafuta ya tumboni sahani ina kauli kubwa kuliko kasia.

Na ni sahani gani? Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall aliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti huko Bethesda, Marekani, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na wiki mbili vyakula vya kawaida, kila mtu akijipakulia kiasi anachotaka. Sukari, mafuta na nyuzinyuzi vilivyopangwa mezani vililinganishwa pande zote mbili. Kwenye vile vya viwandani walikula upesi zaidi, wakazidisha kalori 500 hivi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine walipungua karibu kilo moja.

Mwaka mmoja kabla yake, Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa amewapambanisha wanga na mafuta moja kwa moja. Watu 609 waligawanywa makundi mawili kwa miezi 12, kundi moja likipunguza mafuta na jingine wanga, na yote mawili yakiambiwa yale mboga nyingi na kuacha sukari na unga mweupe. Hawakutakiwa kuhesabu kalori. Wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kidogo kilo 6, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Ndani ya kila kundi, hata hivyo, walikuwemo waliopungua zaidi ya kilo 25 na walioongezeka kilo kadhaa. Watafiti walikuwa wamepima jeni na insulini za washiriki wakitarajia kubashiri nani angefaidika na mlo upi, na hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kilichobashiri.